Waliokuwa Juu ya Duara

Nilimkuta mwanangu chini yangu. Sikumbuki kuinuka kwenye kigoda, sikumbuki kumwangusha. Nakumbuka kiganja changu kimebana mdomo wake mpaka meno yake yananichoma, na macho yake yananitazama kama anamtazama mtu asiyemjua. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kuku wanaparua pembeni. Mtoto wa miaka tisa. Alikuwa anatupa miguu, na mimi namwambia kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, nyamaza tusikie, nyamaza tusikie.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Alinipiga na mchi mgongoni, mara mbili sikusikia, mara ya tatu nikaachia. Mtoto akavuta hewa kama mtu aliyetoka majini. Alikuwa amejikojolea. Akakimbilia nyuma ya mama yake, na ile sufuria aliyokuwa anaisugua ikawa bado inazunguka palepale chini.

Kosa lake lilikuwa nini? Sufuria ilikuwa na ukoko. Akaokota jiwe akawa anagonga kitako cha sufuria ili ukoko uachie. Ko, ko, ko. Anapumzisha mkono. Ko, ko, ko. Basi, hilo tu.

Mke wangu alisimama na mchi wake.

"Mdogo wangu uliondoka naye ukarudi peke yako," akasema. "Na huyu unataka kumpeleka wapi?"

Kesho yake asubuhi alifunga nguo, akamchukua mtoto kwenda kwao Ushirombo. Mlangoni aliniambia, "Sikukatazi kuja. Ila uje ukiwa mzima. Ukija hivi ulivyo, baba zangu wadogo watakufunga kamba."

"Kwani nimekuwaje?"

"Kawaulize wanaojua. Mimi nimechoka kubahatisha."

Mtoto hakuniaga. Alipita ubavuni mwangu akiwa ameshika sketi ya mama yake, macho yote mlangoni, anapima kama ataufikia.

Kwa hiyo mjue tangu mwanzo nilikuwa natafuta nini. Nilitaka mwanangu akae chumba kimoja na mimi bila kuangalia mlango uko wapi. Mengine yote yalifuata nyuma ya hilo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Nilizaliwa Shinyanga, vijiji vya jirani na Mwadui. Baba alikuwa na ng'ombe, ukame ukawamaliza, nikaingia kwenye dhahabu nikiwa kijana bado sijaota ndevu. Nimechimba Geita karibu yote, mpaka nikatulia upande wa Rwamgasa. Majina ya watu siyaandiki humu. Nitaandika vyeo vyao, na wenyewe wakisomewa watajijua, na majirani zao watawajua.

Kwa asiyejua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Linashuka wima kama kisima, halafu chini linatoboa pembeni kufuata mwamba. Kuta zake zinashikiliwa na magogo tunayoyaita matimba. Mwenye duara ni tajiri aliyeligharamia, na yeye hazami. Juu anakaa mvuta winchi, anayeshusha watu na kupandisha mawe. Na karibu kila mwenye duara ana mganga wake, ambaye husema siku ya kuzama na siku ya kukaa, nani aoge na nani asioge. Sijifanyi msomi hapa. Na mimi nilifuata. Kuna mwezi mzima sikunawa kwa sabuni kwa sababu mganga alisema harufu ya sabuni inafukuza dhahabu. Wake zetu ndio walioteseka na hiyo harufu nyingine.

Lakini tulikuwa na sheria yetu pia sisi wachimbaji, haikutoka kwa mganga. Ukifukiwa usipige kelele, unamaliza hewa. Shika moko, ile tindo yetu ya kuchorongea, ugonge mwamba mara tatu, unyamaze, ugonge tena tatu. Walio juu wakikusikia wanajibu mara mbili. Ukisikia mbili, unajua wanakuja, unatulia unasubiri. Hata mama lishe wa machimboni anaijua hiyo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nilimfundisha mimi. Alikuwa kitinda mimba kwao, mama mkwe alimzaa akiwa mtu mzima tayari. Alikuwa anaimba kwaya kanisani na kulima mpunga. Mimi ndiye niliyemfuata Ushirombo nikamwambia, msimu mmoja tu, utarudi na pikipiki. Basi kwenye karatasi hii mkosaji wa kwanza kuandikwa ni mimi.

Wa pili ni mwenye duara. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, matimba yamelowa, mengine yameoza yanatoa maji ukiyaminya. Asubuhi ile tulimwambia. Akatutazama mmoja mmoja, mkono kiunoni.

"Anayeogopa maji arudi kwao akalime pamba," akasema.

Watu wakacheka. Shemeji ndiye aliyecheka zaidi. "Pamba nimeilima, tajiri," akasema. "Afadhali unizike humu."

Tukazama, mimi na shemeji tukitangulia.

Kuanguka kwenyewe sitaeleza sana. Kulikuwa na mlio kama wa kitu kinachochanika, halafu vumbi, halafu giza. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye tundu la kando, sikuumia ila mbavu. Shemeji alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, na jiwe lilikuwa limekaa juu ya paja lake. Akaanza kupiga kelele anamwita mama yake. Mayu! Mayu! Mayu! Nikamwambia nyamaza, unamaliza hewa, na hatuwezi kusikia kama wenzetu wanajibu. Hakunyamaza. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akaning'ata, hapa chini ya kidole gumba, mpaka damu. Sikumwachia mpaka alipotulia.

Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayegonga, kwa sababu moko ulikuwa mkononi mwake na mwamba ulikuwa upande wake. Tatu, kimya, tatu. Tunasikiliza. Hakuna kitu.

"Shemeji, wanatusikia?"

"Wanatusikia."

"Mbona hawajibu?"

"Wako kwenye kifusi wanachimba, kelele zao wenyewe zimewaziba masikio."

"Kweli?"

"Kweli. Gonga."

Alikuwa na michembe mfukoni, vile viazi vikavu. Tukagawana gizani, moja wewe, moja mimi. Akaniambia, "Tukitoka usimwambie dada. Niliiba jikoni, ilikuwa ya watoto." Nikamwambia nitamwambia kitu cha kwanza. Akacheka kidogo, halafu akalia, halafu akagonga tena.

Alikuwa anaacha, analala, anaamka anagonga. Tatu zikawa mbili. Mkono ulikuwa umechoka. Ikafika mahali ni moja tu, tena kama mtu anayedondosha kitu. Halafu nikamwita hakuitika. Moko niliutoa mkononi mwake kwa kukunjua kidole kimoja kimoja, nikaendelea kugonga mwenyewe.

Siku ya tatu wakanifikia. Nilipotoka watu walikuwa wanashangilia, wameshika simu wanapiga picha. Mwenye duara akanikumbatia mbele ya simu zote hizo. Alinuka manukato. Nakumbuka nilifikiri, huyu ameoga.

Msibani Ushirombo alikuja na gari lake. Akakaa mbele ya mama mkwe akasema, "Mama, mwanao alikufa palepale. Hakuteseka hata kidogo." Halafu akanigeukia. Ua zima likanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali. Niliona ndiyo huruma ninayoweza kumpa yule mama. Na mdomo wangu ulikuwa na sababu yake ya kukaa kimya, kwa maana nikisema alikuwa hai, itabidi niseme na habari ya kiganja.

Miaka mitatu baada ya hapo nilikuwa naishi hivi. Siwezi kulala ndani mlango ukifungwa, nalala uani kama mbwa. Nikinusa vumbi jipya, mvua ikianza, moyo unakwenda mbio mpaka nashika ukuta. Mke wangu akinigusa nikiwa nimesinzia, narusha mkono. Nikawa nakunywa gongo toka asubuhi, nikinywa nagomba, nikigomba najuta, nikijuta nakunywa. Nilipimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikapewa vidonge vya tumbo. Wapi. Waendesha bodaboda wa pale kijiweni walinipa jina. "Marehemu! Unaenda wapi leo? Panda, marehemu tunampeleka bure!" Nilikuwa nacheka nao. Ningefanya nini?

Kaka zangu waliniambia, wewe ni mwanaume, jikaze, mwenzio yuko udongoni, wewe unaota jua unalalamika nini. Nao nawaandika. Hawakuwa na nia mbaya, lakini nawaandika. Na mganga, yuleyule wa duara, alichukua mbuzi wangu, akanichanja chale kifuani, akasema nimebeba kivuli cha marehemu na kitatoka mwezi ukiandama. Miezi imeandama mpaka leo.

Baada ya mke wangu kuondoka na mtoto nilikaa siku nne bila kunywa, kwa hofu tu. Siku ya tano nikaenda zahanati. Nikamwambia mganga wa zahanati, yule wa serikali, mkono ulimziba mtoto mdomo wenyewe, bila mimi. Akanipima presha.

"Mzee, presha iko sawa. Ulishawahi kupatwa na jambo?"

"Jambo gani?"

"Jambo. Ajali, msiba, kupigwa, lolote."

Nikacheka. Nilicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakachungulia. Akangoja nimalize, akaandika karatasi ya kwenda hospitali mjini Geita. Akasema kuna mtu pale kazi yake ni kuongea na watu waliopatwa na jambo.

"Mimi siyo kichaa."

"Sijasema wewe ni kichaa. Ungevunjika mkono ningekupeleka kwa wa mikono. Hulali miaka mitatu, umemkaba mtoto unayempenda, pombe huachi. Mojawapo tu ya hayo lingetosha."

Nilijua nitakachokuta. Nitachomwa sindano ya usingizi, nitavalishwa nguo za hospitali, nitawekwa na wale wanaoongea na ukuta. Nilivaa suruali mbili kwa sababu hiyo, msinicheke, nilisema wakinivua moja ibaki nyingine.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya dirisha la dawa. Viti vitatu, meza, kalenda, jagi la maji. Hakuna kitanda. Akainuka binti, umri wa mtoto wangu mkubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Moyoni nikasema, kweli nchi hii, nimekuja na mzigo wote huu wananipa mtoto aubebe.

"Ungependa kukaa wapi?" akaniuliza.

Nikamtazama. Tangu nimetoka duarani hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Nikachagua kiti cha karibu na mlango.

"Mlango tufunge au tuache wazi?"

"Wazi."

"Watu wa kwenye benchi watakusikia."

"Wazi."

Akatoka, akawaomba wale watu wasogee na benchi lao mpaka kwenye kivuli cha mbele. Akarudi akakaa. Akaniambia atakayoyasikia yatabaki kwake, isipokuwa akiona nataka kujiua au kumdhuru mtu, hapo atalazimika kumwita mwingine, na ataniambia kwanza kabla ya kumwita. Akauliza usingizi, chakula, pombe kiasi gani. Halafu, bila kuzunguka, "Baba, umewahi kutaka kujiua?"

Nilikasirika. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema ndiyo, kamba ilikuwa tayari, mwaka wa pili. Sijawahi kumwambia mtu. Hakushtuka, hakuita polisi, hakuniombea. Alisema, "Asante kwa kuniambia," na akauliza kama nalifikiria bado. Nikasema siku hizi namfikiria mtoto.

"Sasa dawa iko wapi?" nikamuuliza.

"Dawa zipo kwa daktari. Tukiona zinahitajika tutakwenda wote. Kwanza tuongee."

"Kuongea kunasaidia nini? Shemeji yangu aliongea siku mbili."

 Nikainuka, nikaondoka. Kwa muda niliokaa pale, ugali ungekuwa bado haujaiva.

Alhamisi iliyofuata nikarudi, siyo kwa ajili yake, kwa ajili ya yule aliyepima mlango kwa macho. Na hapo ndipo niwaambie mnaofikiria kwenda, maana mimi hakuna aliyeniambia. Hakuniuliza habari za duara. Wiki nyingi hakuuliza. Tuliongea habari za kulala, habari za gongo. Alinifundisha kukanyaga chini miguu yote miwili na kumtajia vitu vitano ninavyoviona. Kalenda. Jagi. Kiatu chako. Mjusi. Mlango. Niliona ujinga, mtu mzima nataja vitu kama mtoto wa chekechea. Lakini siku moja sokoni bati likaanguka kutoka kwenye mkokoteni, moyo ukaruka, nikajikuta nataja nyanya, mwavuli, mizani, mbuzi, yule mama mnene, na sikukimbia. Yule mama mnene alinisikia. Alinitukana vizuri sana, na mimi nikamshukuru, wabeja mayu, wabeja, akazidi kunitukana.

Aliniambia, "Baba, mwili wako ulikaa kule chini siku tatu unasikiliza kitu kimoja. Wewe ulitoka. Wenyewe bado unasikiliza. Mtoto alipogonga sufuria, ulisikia yule wa kule."

Akanionya tukianza kusimulia nitaumia zaidi kabla ya kupata nafuu, na kweli. Kuna Alhamisi nilizotoka pale nikatapika nje ya geti. Nilikuwa nasimulia kipande kidogo, ananisimamisha, miguu chini, taja vitu, tunaendelea au tuishie hapa? Kila mara ananiuliza mimi. Tulipofika kwenye kiganja nikamwonyesha kovu, nikamuuliza, "Nilimuua?"

Nilitaka aseme hapana. Kila mtu angesema hapana, haraka haraka, ili nisiulize tena. Yeye akauliza, "Ulipomziba mdomo ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka tusikie wenzetu wakijibu."

"Kwa nini?"

"Apone. Tupone."

Nililia na mlango uko wazi. Watu wa benchi walinisikia, na hakuna aliyecheka. Baadaye nikajua kwamba nao walikuwa wamekuja kwa huyohuyo binti.

Lakini siyo kila kitu alikuwa nacho. Nilimuuliza kwa nini hatukujibiwa. Akasema, "Hilo mimi sina, baba. Liko kwa waliokuwa juu. Una haki ya kwenda kuwauliza, lakini tujiandae kwanza, maana jibu linaweza kuuma kuliko swali."

Mvuta winchi wa siku ile nilimpata mjini, anaziba pancha kando ya stendi. Ilikuwa mchana, ana tairi la pikipiki mapajani. Aliponiona akaliacha likabingirika mpaka barabarani, wala hakulifuata.

"Kaka," akasema. "Nilijua utakuja."

"Mlitusikia?"

Akafuta mikono na tambara, akafuta muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Tuliwasikia. Siku ya kwanza yote. Na ya pili mpaka tulipoanza kuchimba."

"Mbona hamkujibu?"

"Tulikatazwa."

Nikakaa chini, kwenye mavumbi. Akakaa na yeye. Akanieleza. Duara lilipoanguka walikimbilia majembe, na tayari sauti ya kugonga ilikuwa inakuja. Mwenye duara akampigia mganga wake simu. Mganga akasema msiguse kifusi. Duara likimeza watu, kinachogonga siyo watu tena, ni misukule, wameshachukuliwa, wanaita wenzao. Atakayejibu anawafuata. Ngojeni nije na kondoo mweusi. Na mganga alikuwa mbali, upande wa Shinyanga, ana wateja wake wa kumaliza kwanza. Alifika siku ya pili alasiri, kwa pikipiki, kondoo amefungwa nyuma. Wakachinja, wakazunguka duara, ndipo majembe yakaingia.

"Na wewe uliamini?"

"Wengine waliamini. Mimi nilishika jiwe nijibu, kaka, nakuapia. Mwenye duara akaniambia, jibu, halafu wewe ndiye utakayezama kuwafuata, na winchi nitashika mimi."

"Mwenyekiti wa kitongoji?"

"Alikuja. Akaambiwa watu wote wametoka. Akasikia kugonga na yeye, akauliza ni nini hiyo. Akaambiwa ni duara la jirani. Akanywa soda akaondoka."

Halafu akasema lile ambalo bado nalala nalo. Alisema siku ya pili sauti ilibadilika. Tatu zikawa mbili. Na mbili, si ndiyo jibu letu sisi wa juu? Watu wakaogopa sana. Wakasema mnaona, wameanza kujijibu wenyewe, hao siyo watu. Hata waliokuwa wanataka kuchimba wakatupa majembe.

Ulikuwa ni mkono wa shemeji umechoka.

Na mimi nilimwambia wanatusikia. Miaka yote nilijua nilimdanganya mtu anayekufa, na nilikuwa najichukia kwa hilo kuliko kwa kiganja. Kumbe ndilo neno la kweli nililomwambia.

Binti wa hospitali nilimkuta Alhamisi nikamweleza yote. Macho yake yakajaa machozi, akayaacha hivyohivyo bila kujificha. Nikamwambia nataka kwenda Ushirombo kusema ukweli. Akaniuliza unakwenda kujitua mzigo, au kumpa mama mkwe kilicho chake? Tukalizungumza hilo Alhamisi tatu. Nikaenda.

Kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe. Nikawekewa kigoda uani, nikakaa naangalia ukuta wa ghala. Yeye alikuwa kwenye mkeka nyuma yangu. Mke wangu alikaa katikati yetu, na mtoto alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nikauambia ukuta kila kitu. Michembe iliyoibwa. Mayu, mayu. Kiganja. Tatu, mbili, moja. Kondoo. Mke wangu alilia kwenye michembe, kwenye mengine hakulia.

Mama mkwe akauliza, "Mkono uliomziba ni upi?"

"Wa kulia, mama."

Nikaunyoosha nyuma bila kugeuka. Sikutegemea aushike, na mila yetu hairuhusu aushike. Aliushika. Kidole chake kikapita juu ya lile kovu taratibu, kikarudi, kikapita tena.

"Haya meno ni yake," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa na pengo."

Akakaa na mkono wangu sijui muda gani. Kuku walikuja wakaondoka. Halafu akasema, "Yule tajiri alikaa hapohapo ulipokaa. Akaniambia mwanangu hakuteseka."

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa amemsikia."

"Ndiyo, mama."

"Aje tena."

Mke wangu hajarudi kwangu. Nakwenda mimi, kila baada ya wiki mbili, nakaa siku moja. Mara ya mwisho mtoto alikuwa anaosha vyombo. Binti wa hospitali alinishauri watu wa nyumbani waniambie kabla ya kupiga kelele, na mama yake alikuwa amemfundisha. Akainua jiwe, akanitazama.

"Baba, nagonga."

"Gonga."

Akagonga. Nikakanyaga chini miguu miwili, nikataja moyoni, sufuria, mchi, kuku, moshi, mwanangu. Akamaliza, akaniletea uji. Akauweka chini hatua mbili kutoka nilipo, akarudi kukaa upande wa mlango. Hatua mbili. Mwaka jana asingenikaribia. Bado nakwenda Alhamisi, na binti anasema hizo hatua mbili tutakwenda nazo taratibu.

Sasa nasema na wewe, mwenye duara. Najua una nyumba ya wageni mjini siku hizi, na kanisani unakaa benchi la mbele. Nasema na wewe, mganga, ambaye kibao chako bado kiko barabarani, na wewe mwenyekiti uliyekunywa soda. Rambirambi zenu sizitaki. Duara lile mmelifunika, lakini kigoda kiko palepale uani Ushirombo, kinatazama ukuta wa ghala. Wewe tajiri uanze. Njoo ukae nilipokaa mimi, unyooshe mkono wako nyuma, umwambie yule mama ulisikia mara ngapi, na ulimzuia nani kujibu, na kwa nini. Ameshasema uje. Anakungoja.